Gari Lisiloshika Sumaku

Ninyi mnaojifunza umeme wa magari siku hizi mna kifaa mnachokichomeka chini ya usukani, nacho kinawaandikia ugonjwa wa gari. Nimekiona kwa mjukuu wangu. Ni kizuri. Lakini juzi kilimwambia taa ya kulia ina hitilafu, akabadilisha balbu, akabadilisha na nyingine, kisha akaja kunitazama kama mtu aliyeibiwa mzigo stendi.

Nikamuuliza, "Umeme unarudi wapi?"

"Unaenda kwenye taa, babu."

"Sijauliza unakwenda wapi. Unarudi wapi?"

Akageuza balbu mkononi. Ndipo nikaona nikae niandike habari za gari la Mzee Asajile. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo someni taratibu kama ninavyoandika.

Gereji yetu ilikuwa Kyela mjini, nyuma ya soko, chini ya bati lililokuwa likivuja kwenye meza ya kazi na si mahali pengine popote. Mwenyewe alikuwa Fundi Mbaruku, mtu wa Tanga aliyefika huku na lori la mizigo, akaoa, akabaki. Yeye alikuwa na maneno mengi. Mimi nilikuwa sina hata moja. Mteja akiingia nilijificha ndani ya boneti, na mteja akiwa mwanamke nilihakikisha boneti hiyo ina kazi ya siku nzima. Fundi alizoea kuwaambia watu, "Huyu Gwakisa anaongea na waya tu, ninyi hamna shaba."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kuonekana tena madukani. Kabla ya hapo waya tulikuwa tunaupata kwa kuuchuna kwenye malori yaliyokufa, kama mtu anayetoa mishipa kwenye nyama. Sasa wafanyabiashara wa mjini wakaanza kuleta waya mpya kwa marobota. Kila mtu alifurahi isipokuwa Fundi. Aliukata kipande, akaumenya kwa meno, akanionyesha.

"Umeuona? Umevaa koti nene, ndani umekonda."

Alikuwa anasema kweli. Tena mara nyingi duka zima lilikuwa na rangi moja. Ukitaka waya unapata mwekundu, na usipotaka mwekundu unakwenda kulala. Sasa fikirini mnavuta waya za gari zima, zote nyekundu. Tulichofanya ni kwenda kwa fundi cherehani jirani kuomba nyuzi za vitambaa. Waya wa kushoto tuliufunga fundo moja, wa kulia mafundo mawili, wa taa ndogo tukauzungushia uzi mweupe. Mpaka leo nikishika waya gizani vidole vyangu vinatafuta fundo.

Kuna mengine Fundi alinifundisha kwa kucheka. Alikuja dereva mmoja wa lori la mpunga, anajisifu kwamba indiketa yake ya kulia inakwenda kasi kuliko za madereva wote wa Kyela. "Inawaka kama moyo wa kijana!" Fundi akampongeza, akamkalisha kwenye benchi, akamletea chai. Kisha akaniambia nizunguke nyuma ya lori. Balbu ya nyuma ilikuwa imekufa. Flasha za zamani, vile vidude vinavyokonyeza indiketa, zilihesabu mzigo wa umeme. Ikiwa taa moja imekufa, mzigo unapungua, na ile iliyobaki inakimbia. Au, kwa flasha nyingine, inaganda kabisa. Basi indiketa ikibadilisha mwendo inakwambia jambo. Usiipongeze.

Sasa gari la Mzee Asajile. Huyu alikuwa mzee wa Ngonga aliyefanya kazi migodini Zambia tangu ujana. Aliporudi nyumbani, wenzake walirudi na baiskeli na cherehani, yeye alirudi na gari la michezo. Lilikuwa gari fupi, la watu wawili, limelala chini hata mbuzi akisimama mbele yake dereva haoni kitu. Lilikuwa zee tayari. Alilipata kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anafunga virago. Watoto wa Ngonga waliliita Kiatu.

Masika ya kwanza Mzee aliliweka kwenye ghala la mpunga ili lisinyeshewe. Panya waliokuwa wakila mpunga walijaribu na waya, wakaona unafaa. Alipolileta kwetu, likivutwa na trekta, hakukuwa na taa hata moja iliyowaka, na chini ya dashibodi ziling'inia nyuzi fupifupi kama ndevu za mbuzi.

"Mugonile," alitusalimia. Alikuwa mzee mpole, mwembamba, koti lake daima limefungwa vifungo vyote. "Injini ni nzima. Nataka taa. Lakini hasa hizi za kukata kona."

"Indiketa," Fundi akasema.

"Hizo. Nataka zionekane mbali. Mchana, jua kali, zionekane. Na mvua ikinyesha nimewasha taa ndogo, bado zionekane."

"Unawaogopa trafiki, mzee wangu? Huko Ngonga hakuna hata mmoja."

"Siogopi trafiki." Aliangalia pembeni. "Njiani kuna watu wangu."

Hakuongeza neno, nasi hatukuuliza. Tulifanya kazi ile kwa moyo. Mimi nilikuwa mwembamba kuliko sasa, kwa hiyo mimi ndiye niliyeingia chini ya dashibodi, miguu juu kwenye kiti, kichwa kwenye pedeli. Vikombe vya taa vilikuwa na kutu. Nilivisugua kwa majivu, nikavibandika karatasi ya fedha ya ndani ya paketi za majani ya chai ili mwanga urudi mbele. Vioo vya rangi ya chungwa nilivisafisha kwa dawa ya meno. Balbu tuliweka zenye nguvu inayotakiwa, si zile ndogo ambazo watu huchomeka kwa sababu zinaingia.

Nina desturi moja, niliianza ujanani na sijaiacha. Nikifungua taa, skrubu sizitupi ardhini wala sizitii mfukoni. Nina sumaku ya spika mbovu ya redio, naibandika kwenye bodi ya gari karibu na ninapofanya kazi, na skrubu zote zinakaa juu yake. Kwenye gari la Mzee Asajile niliibandika kwenye bawa la mbele, juu ya tairi, ikaanguka. Nikaibandika mlangoni, ikaanguka. Nikasema moyoni kwamba sumaku imezeeka kama gari lenyewe. Nikaiweka kwenye kopo la rangi, nikaendelea na kazi.

Kila taa inahitaji waya wa kuleta umeme na njia ya kuurudisha kwenye betri. Njia hiyo ya kurudi ndiyo tunaiita arthi. Kwenye malori, kwenye Pijo, kwenye magari yote tuliyoyajua, arthi unaifunga kwenye bodi na habari imekwisha, kwa maana bodi ni chuma na chuma chote kimeshikana na betri. Fundi alinielekeza kwenye bolti moja pale mbele. Nikazifunga arthi zote za mbele hapo, kushoto na kulia pamoja. Tukawasha. Kushoto, safi. Kulia, safi. Taa ndogo, safi. Mzee alisimama mbali, ng'ambo ya barabara, akakinga jua kwa kiganja, akatazama kwa muda mrefu kuliko mteja yeyote niliyewahi kumwona.

"Ndaga fijo," alishukuru. Akaondoka ameketi chini kabisa, kichwa tu kinaonekana.

Mvua zilipoanza tena, aliingia gerejini mwanamke anayechechemea. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Fundi alikuwa amekwenda msikitini na boneti zote zilikuwa zimefungwa, sikuwa na pa kujificha.

"Wewe ndiye uliyetengeneza taa za lile gari fupi?"

"Nilimsaidia fundi," nilisema, nikitazama kitambaa.

"Basi mwambie fundi wako gari lile linasema kushoto na kulia kwa kinywa kimoja."

Nilimpa benchi. Akakaa, akanieleza, na mimi kwa mara ya kwanza nilimsikiliza mwanamke mpaka mwisho bila kukimbia. Aliitwa Subilaga, watu wakimwita Mama Lugano. Mume wake alikuwa mwana wa Mzee Asajile, kibarua kwenye mashamba ya chai huko juu, anakuja nyumbani mara mojamoja. Yeye alikaanga maandazi kwenye njia panda ya Ngonga, na kwa maandazi hayo watoto walivaa na kusoma.

Labda vijana wa sasa hamjui tena, kwa hiyo niseme. Kwa mila yetu mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hamtaji jina, hawakai mahali pamoja. Akimsikia anakuja, anatoka njiani. Si chuki. Ni heshima, na wakati ule baadhi ya nyumba zilikuwa zimeanza kuilegeza, ila si nyumba ile. Subilaga hata pale gerejini hakulitamka jina la mzee. Alisema "mwenye gari".

"Meza yangu iko kona ya kulia," alisema. "Mwenye gari akitoka mjini, akikata kushoto anakwenda kwenye kokoa zake. Hapo nageuka tu, nampa mgongo, naendelea kukaanga. Akikata kulia anakwenda nyumbani, anapita hapa." Akanyoosha mkono kuonyesha ilivyo karibu. "Hapo lazima niingie migombani. Zamani alikuwa anapiga honi. Lakini honi haisemi anakwenda wapi. Kila honi nakimbia, naacha mafuta motoni, mbuzi wa watu wanazunguka, watoto wanazunguka. Ndipo akaja kwenu."

"Kwa hiyo zile taa..."

"Mimi simtazami aliye ndani. Natazama taa, nashusha macho. Jua likiwaka hazina shida. Juzi mvua inanyesha, amewasha zile ndogo. Naangalia, kushoto inakonyeza, kulia nayo inakonyeza. Nikakisia anakwenda kushoto. Nikageuka. Nasikia injini iko hapa nyuma yangu. Nikaruka, nikapiga karai, mafuta yakanimwagikia mguuni."

Alikaza kitambaa cha mguuni.

"Mguu utapona. Mama mkwe amesema ikitokea tena, meza inaondolewa njia panda. Naye hana ubaya, anaogopa. Mwenye gari mwenyewe hajatoka nje tangu siku ile. Anasema amenichoma yeye."

Fundi Mbaruku aliporudi nilimweleza. Nilitegemea atatania. Alivua kofia yake, akaiweka mezani, akasema, "Lete gari."

Nilimpelekea Mzee ujumbe, akalileta kesho yake, hakushuka mpaka Fundi alipomfungulia mlango. Tulifanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya mara ya kwanza, nanyi lishikeni. Usijaribu taa mojamoja. Washa zote pamoja, kama siku ya mvua. Niliwasha taa ndogo, nikaweka indiketa ya kushoto. Ya kushoto ikawaka na kuzima. Na ya kulia, taratibu, kwa mwanga mchafu, ikaanza kuifuatisha.

"Waya zimegusana," Fundi akasema.

Nikafuata mafundo. Fundo moja, kushoto mpaka mwisho. Mafundo mawili, kulia mpaka mwisho. Hakuna zilipogusana. Tukabadilisha flasha, tukabadilisha swichi. Bado. Fundi akanunua balbu mpya, zikakonyeza kwa ufisadi uleule. Mzee alikaa kwenye benchi, kofia magotini, akitazama ardhi.

"Kama haiwezekani," akasema, "nitaliuza. Nitapanda baiskeli. Baiskeli watu wanaisikia vizuri."

Alilipenda gari lile. Kila mtu Ngonga alijua alivyolipenda.

Nilirudi kwenye taa ya mbele kuifungua tena. Nikabandika sumaku kwenye bawa. Ikaanguka. Niliiokota nikiwa na hasira nikaigonga kwenye lori lililokuwa pembeni. Ikang'ang'ania hata nikashindwa kuibandua kwa mkono mmoja. Nikasimama. Nikarudi kwenye Kiatu, nikaipitisha kwenye bawa, kwenye mlango, kwenye boneti, nyuma, juu. Gari zima halikuishika. Nikagonga bawa kwa kucha, likasikika kama ndoo ya plastiki.

"Fundi," nilisema. "Bodi si chuma."

"Nini?"

"Ni plastiki. Gari zima."

Mzee aliinua kichwa. "Ni nyuzi za kioo na gundi," akasema. "Yule mhandisi aliniambia. Ndiyo maana halipati kutu. Hamkujua?"

Fundi Mbaruku alikaa juu ya tairi. Alinitazama, akamtazama mzee, akalitazama gari, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi. "Ala! Maisha yangu yote nafunga arthi kwenye bodi. Leo nimeifunga kwenye beseni!"

Ile bolti yetu ilipita kwenye beseni hilo na kugusa kipande chembamba cha chuma, kwa ncha tu. Taa moja ikiwaka peke yake, umeme ulijipenyeza hapo ukarudi. Taa zote zikiwaka, njia ikawa finyu. Na umeme ukikosa njia ya kurudi hautulii. Unatafuta. Unapanda kwenye waya wa arthi wa taa jirani, unapita kwenye balbu yake, unatokea upande wa pili. Kulia ilikuwa inawaka kwa umeme wa kushoto uliopotea njia. Kwa hiyo, mkiona taa inawaka ambayo hamkuiwasha, acheni kuilaumu taa hiyo. Tafuteni nani amefungiwa mlango wa kurudi.

Dawa ilikuwa kazi tu. Kila taa tuliipa arthi yake. Fundi hakutaka waya wa duka. Alitoa kwenye sanduku lake waya mnene wa lori la zamani aliokuwa ameutunza, akauchuna mwenyewe. Nilitambaa chini ya gari lile mpaka mgongo ukachubuka, nikazileta arthi zote kwenye chesisi, fremu ya chini, ambayo ni chuma halali, nikakwangua rangi mpaka ikang'aa, na kutoka hapo nikavuta waya mmoja mnene mpaka kwenye betri. Sehemu za kuungia nilizichomelea kwa risasi iliyoyeyushwa, nikafunga tepu, nikapaka grisi. Mvua ya Kyela huingia hata usipoiachia nafasi.

Tukawasha vyote. Kushoto, kushoto peke yake. Fundi akanitilia maji kwenye ndoo nikayamwaga juu ya gari. Kushoto, kushoto peke yake.

"Haitoshi," Fundi akasema. "Hapa tunatazama sisi. Nenda katazame kule anakotazama yeye."

Nilipanda baiskeli mpaka njia panda ya Ngonga. Manyunyu yalikuwa yanaanza. Subilaga alikuwa amerudi mezani, mguu bado na kitambaa, karai linachemka, wateja wamejikinga chini ya nailoni. Mama mkwe wake naye alikuwepo, amekaa kwenye kigoda na mwavuli, amekuja kushuhudia. Hakuna aliyenisalimia. Sote tulitazama barabara.

Kiatu kilitokea mbali, chini kama mende, taa ndogo zimewaka. Kisha ikaanza kukonyeza moja. Ilikuwa ya kulia. Ya kushoto ilitulia kabisa na mwanga wake mdogo, haikutikisika.

"Kulia," Subilaga alisema kwa sauti ya kawaida.

Alikuwa na wakati. Alishika karai kwa matambara, akalitua juu ya mawe, akalifunika sinia. Akamwambia mteja, "Subiri chenji, nakuja." Akavuta kanga kichwani, akaingia migombani akichechemea, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchuma majani. Gari likakata kona, likapita. Mzee macho mbele, mikono miwili kwenye usukani. Akatokomea. Subilaga akarudi, akafunua karai, akarudisha motoni.

"Sikukimbia," aliniambia.

Mama mkwe alifunga mwavuli wake. Alinunua andazi moja, akalila lote hapohapo amesimama, akaondoka bila kusema habari ya meza. Haikutajwa tena.

Niliendelea kupita njia panda ile kwa kazi zangu, na nilianza kununua maandazi hata nisipokuwa na njaa, maana baada ya siku ile niliweza kuongea na Mama Lugano, na baada yake na watu wengine. Siku moja nilikuwa hapo asubuhi, jua zuri. Kiatu kikaja. Kushoto ikawaka. Subilaga akageuka, akampa mgongo, mwiko mkononi. Lakini gari halikukata kona. Lilisimama pale mbali. Kushoto ikazima. Ikawaka kulia, mara moja. Ikazima. Ikarudi kushoto.

Nilishtuka. Nilidhani arthi imelegea. Nilishaanza kunyanyuka niende.

"Imefanya nini?" Subilaga akauliza, bado amegeuka.

"Imewaka kushoto, halafu kulia, halafu kushoto tena. Nitaiangalia leo leo."

"Acha," alisema. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikaona anacheka. "Haijaharibika. Ananisalimia."

Gari lilikuwa bado limesimama, linasubiri. Subilaga aliangalia mafuta yake kidogo. Kisha, bila kugeuka, aligonga mwiko kwenye ukingo wa karai, mara mbili, kwa nguvu, mlio ukafika barabarani. Ndipo Kiatu kikaondoka, kikakata kushoto kwenda kwenye kokoa.

Ikawa hivyo kila alipotoka mjini kwenda kwenye kokoa. Watu wa Ngonga walipeleka maneno kwa mama mkwe, wakamuuliza hii ni mila ya wapi. Aliwajibu kwamba mkamwana wake hajamtazama mtu, hajamtaja mtu, na hajasema na mtu. Amegonga karai lake tu.